Ng'ombe kahesabiwa, mchicha umebaki shambani: hela za korona kwa wakulima wa Marekani 2020

Nianze na hesabu, maana hapa hesabu ndo kisa chenyewe. Mwaka 2020 mfugaji wa Marekani anayenenepesha ng'ombe wa kuchinjwa, tuseme aliuza ng'ombe 1,000 kati ya Januari 15 na Aprili 15, serikali ilimpa dola 214 kwa kila mmoja, hiyo ni dola 214,000. Na kama kati ya Aprili 16 na Mei 14 ana wengine 1,000 bado wako zizini, anaongezewa dola 33 kwa kila ng'ombe, 33,000 nyingine, jumla 247,000. Kikomo kwa mtu mmoja kilikuwa dola 250,000, kwa hiyo huyu jamaa kapita chini ya dari bila hata kuinamisha kichwa. Sasa pembeni ya mji kuna mwenye eka moja ya mboga, anauza sokoni Jumamosi na kwa migahawa miwili mitatu, naye kafungiwa soko na migahawa imefungwa, awamu ile ile ya programu ile ile katoka na sifuri, na ukitafuta nani kamnyima humuoni. Hakuna afisa aliyekula, hakuna fomu iliyofichwa. Kanuni tu ndo ilikuwa hivyo.

Programu yenyewe iliitwa CFAP, ilikuwa ya wizara ya kilimo ya Marekani, USDA. Watu wengi wanaielezea kama mabwanyenye walipendelewa basi, mimi naona ukiishia hapo umekosa sehemu yenye mafunzo.

Turudi nyuma kidogo. Machi 27, 2020 ilisainiwa sheria ya CARES, na ndani yake kulikuwa na dola bilioni 9.5 za wakulima walioguswa na korona. Sheria haikusema wakulima tu ikanyamaza, ilitaja kabisa wa mboga na matunda, wafugaji pamoja na wa maziwa, na ikataja wanaolisha watu wa eneo lao, wale wa masoko ya wakulima, migahawa na mashule. Yaani mwenye eka moja jina lake lilikuwemo kwenye sheria. Wiki tatu baadaye, Aprili 17, waziri wa kilimo Sonny Perdue akatangaza bilioni 19: bilioni 16 za kulipa wakulima moja kwa moja, bilioni 3 za kununua chakula na kukigawa kwenye maboksi. Zile 16 ni bilioni 9.5 za sheria pamoja na bilioni 6.5 kutoka mfuko unaoitwa Commodity Credit Corporation, mfuko wa tangu 1933, na ndo huo huo uliowalipa wakulima 2018 na 2019 wakati Trump anazozana na China kwenye biashara. Hilo la mfuko lishike, maana kwa maoni yangu mazoea ya malipo yale ya China ndo yaliyoamua mengi: wizara ilikuwa imeshazoea kulipa kwa zao na kwa wingi wa zao.

Na shida ilikuwa ya kweli kwa wakubwa pia, tusijifanye hatujui. Aprili 12 kiwanda cha nguruwe cha Smithfield pale Sioux Falls, South Dakota kilitangaza kufunga baada ya wafanyakazi wengi kuugua, na machinjio mengine yakafuata, nguruwe wananenepa na hawana pa kwenda. Maziwa yalimwagwa kwa sababu mashule na migahawa ndo walikuwa wanayachukua kwa madumu makubwa, na mtambo wa kufunga maziwa ya shule haugeuki kuwa mtambo wa galoni za supamaketi kwa wiki moja. Huku Florida watu wanalima trekta juu ya maharage na kabichi zilizokomaa, halafu kwenye supamaketi za mjini mteja anaambiwa maziwa mwisho mawili. Chakula kipo na njaa ipo, barabara ya katikati ndo imekatika.

Sasa ukiwa wizarani na Bunge linakupigia kelele toa hela, unapimaje hasara ya mashamba milioni 2? Huwezi kwenda moja moja. USDA walichofanya ni hiki, wakachukua bei ya kitaifa ya kila zao katikati ya Januari wakailinganisha na bei ya katikati ya Aprili, zao ambalo bei yake imeshuka asilimia 5 au zaidi linaingia, lisiloshuka hivyo linabaki nje, au linaingia kwa mlango mwingine kama ni mboga au tunda lililoharibika njiani au lililobaki shambani kwa kukosa mnunuzi. Halafu kila zao likapewa kiwango chake, ng'ombe kwa kichwa, mahindi kwa busheli (kipimo chao cha nafaka), maziwa kwa kila paundi 100 (kama kilo 45), nyanya kwa paundi. Unazidisha. Basi. Walitoa hadi faili la Excel unaweka namba zako linakuhesabia.

Kwa mtu wa maziwa ilifanya kazi vizuri, naomba niseme ukweli. Kiwango kilikuwa kama dola 6.20 kwa kila paundi 100 alizozalisha robo ya kwanza ya mwaka, hata zile alizomwaga zinahesabiwa. Mwenye ng'ombe 50 wa maziwa, kila mmoja akitoa paundi 6,000 kwa hiyo miezi mitatu, anapata kama dola 18,600. Huyo si bwanyenye, ni familia, na zile hela zimemvusha. Kwa hiyo kanuni haikuwa inachukia wadogo. Ilikuwa inapenda yule ambaye bidhaa yake ina bei ya taifa, inauzwa mwaka mzima, na inapimwa kwa kipimo ambacho wizara tayari inacho kwenye kompyuta.

Twende kwa mwenye eka moja sasa. Nimtunge, si mtu halisi, ila mashamba ya aina yake yapo na wasomaji wengine hapa mnayajua. Pale Des Moines, Iowa kuna watu kutoka Burundi na Kongo walioingia Marekani kama wakimbizi, wanalima viwanja vidogo, na kule Lewiston, Maine kuna Wabantu wa Somalia wanalima hadi mahindi meupe ya ugali. Mama wangu wa kutunga yuko Iowa. Ana eka moja. Lengalenga anaifunga mafungu kwa raba, kila fungu kalitingisha maji mara mbili kwenye beseni mchanga utoke, bilinganya nyeupe zile ndogo chungu kaziweka kwenye kikapu peke yake maana Wazungu wakizichanganya na za kwao watarudisha, pilipili zipo mbichi na zipo kwenye chupa alizozisaga mwenyewe. Meza moja, mizani moja, kopo la biskuti la kuwekea hela. Mwaka 2019 aliuza kama dola 20,000, nusu sokoni, nusu kwa migahawa na kwa vikapu, ile ya mteja analipia msimu mzima mapema halafu kila wiki anachukua kikapu chake.

Mei 26, 2020 maombi yakafunguliwa. Ofisi za Farm Service Agency, ile idara ya USDA iliyo kwenye kaunti, zilikuwa hazipokei watu ndani, mambo yote kwa simu na barua pepe. Kijana wake anatafsiri, simu iko kwenye spika mezani.

“Mama, wanauliza kati ya Januari 15 na Aprili 15 ulivuna paundi ngapi ukauza.”

“Januari?”

“Ndiyo mama. Mpaka Aprili.”

“Waambie nje kulikuwa na theluji.”

“Wanasema basi zile zilizoharibika, au zilizobaki shambani.”

“Mwanangu, shambani kulikuwa na theluji.”

Mazungumzo hayo nimeyatunga lakini tarehe sijazitunga. Dirisha la hasara la awamu ya kwanza lilikuwa miezi mitatu ya baridi. Iowa, Maine, Wisconsin, Vermont, huko kote mkulima wa mboga wa nje mwezi wa pili anachonga mpini na kuagiza mbegu, labda awe na banda la nailoni lenye spinachi kidogo. Hasara yake ilikuja Mei, Juni, Julai, soko limepunguzwa meza na mgahawa umefungwa moja kwa moja, na kwenye fomu hiyo miezi haipo. Kwa Florida na California kusini dirisha lilikaa vizuri tu, ndo msimu wao. Kwa hiyo mboga zililipwa, ila mboga za mahali penye jua la Februari.

Halafu kuna orodha. Mazao yanayoruhusiwa yalitajwa moja moja, na orodha ya Mei haikuwa na sukuma wiki. Haikuwa na bamia. Ilibidi watu waandike maoni wizarani na Julai ndo yakaongezwa mazao kama 40, sukuma za aina mbili, bamia, figiri na wenzake, giligilani, na kipengele cha majani mengine yasiyotajwa, ambamo lengalenga na mchicha nadhani ndo waliingilia, kama abiria wa kwenye keria. Sikatai walisikiliza, walisikiliza. Ila kuongeza bamia kwenye dirisha la Januari mpaka Aprili ni kumfungulia mtu mlango wa nyumba aliyohama.

La tatu ni bei. Kiwango cha nyanya kilitokana na nyanya ya jumla ya kitaifa. Aliyezoea kuuza nyanya zake sokoni mara tatu ya bei hiyo, za asili bila dawa, akikosa soko hasara yake ni ya bei yake sio bei ya taifa, lakini atahesabiwa kwa paundi sawa na wa matrela. Halafu kuna kitu ambacho kanuni ya kushuka kwa bei haiwezi kukiona hata ukiisogeza: mkulima wa jirani mara nyingi bei yake haikushuka kabisa! Kilichoshuka ni idadi ya watu wa kumuuzia. Fungu la lengalenga lilikuwa dola mbili Machi na dola mbili Juni, ila mgahawa uliokuwa unachukua mafungu 40 kwa wiki una kufuli mlangoni. Kipimajoto kimewekwa kwenye bei, homa iko kwenye soko.

Fomu nazo. Mfugaji aliyelipwa 2019 kwa ajili ya ule ugomvi na China faili lake lipo, namba ya shamba ipo, akaunti ya benki ipo, yeye anajaza AD-3114 ambayo ni maombi yenyewe na kazi imeisha. Anayekuja mara ya kwanza lazima asajiliwe, AD-2047 ya taarifa zake, CCC-941 ya kipato, AD-1026 ya kuahidi kuhifadhi ardhi na maeneo oevu, SF-3881 ya benki, na kabla ya hapo apewe namba ya shamba, kwa simu, kwa Kiingereza cha kusomewa, na ofisi yenyewe imezidiwa. Ukipiga hesabu ya siku alizotoka shambani kwa ajili ya malipo ambayo kwa dirisha lile yanaweza kuwa dola 60, wengi hawakujisumbua na siwalaumu. Kwa upande wa pili kampuni yenye wanahisa watatu wanaofanya kazi shambani, saa 400 kila mmoja, iliweza kufika dola 750,000.

Hapa nitulie niseme jambo ambalo wanaopigia debe mashamba madogo hawapendi kulisema. Mashamba mengi ya jirani 2020 yalifanya biashara kuliko mwaka wowote. Watu waliogopa supamaketi wakakimbilia vikapu, kuna mashamba yalijaza wateja wa msimu mzima mwezi Machi tu na wengine wakawekwa foleni. Ungewalipa wote kwa sababu ni wadogo ungewalipa na waliokuwa wanacheka. Kwa hiyo ugumu ni wa kweli, mdogo na mdogo hawafanani, wa vikapu kapanda na wa mgahawa kazama, na huwezi kujua yupi ni yupi bila kuuliza mauzo yao. Ndo maana swali la mauzo ndo lilikuwa swali sahihi tangu siku ya kwanza, na wizara ilikuja kuliuliza, ikachelewa miezi minne.

Septemba 17, 2020 Trump yuko kwenye mkutano wa kampeni Mosinee, Wisconsin, anatangaza awamu ya pili, na wizara ikasema itafika mpaka bilioni 14. Uchaguzi ni Novemba na Wisconsin ni jimbo la kugombaniwa, mwenye macho haambiwi tazama. Lakini siasa ikiwa mbaya kanuni inaweza kuwa nzuri, na kanuni ya mboga awamu ya pili ilikuwa nzuri zaidi kwa mbali. Orodha ya zao moja moja ikafutwa kwa mboga na matunda, badala yake unaulizwa 2019 uliuza jumla ya dola ngapi, unalipwa asilimia. Na asilimia ilikuwa inashuka unavyopanda: dola 49,999 za kwanza unapata asilimia 10.6, zinazofuata mpaka 99,999 asilimia 9.9, kisha 9.7, 9.0, na zinazozidi dola milioni moja asilimia 8.8. Kila zao limo, na mbuzi wa nyama ambao awamu ya kwanza walisahaulika wakaingia kwa mlango huo huo. Aliyeanza kulima 2020 na hana mauzo ya 2019 alitumia ya 2020.

Mama na dola 20,000 zake, zidisha 10.6, dola 2,120. Pungufu yake ni pilipili za chupa. Kanuni ilihesabu zao ghafi tu, ulichosaga ukafunga ukaongeza thamani ile thamani haimo, na uliyonunua kwa mwenzio ukauza tena haimo. Kwa hiyo kama kusaga na kufunga kuliongeza dola 1,500 kwenye mauzo ya chupa inabidi azitoe, abaki na 18,500, alipwe 1,961. Miaka yote mkulima mdogo anaambiwa ongeza thamani, sindika, usiuze ghafi, siku ya kulipwa anaambiwa ghafi tu. Na hapo lazima awe na daftari. Huapi tu, unasaini kwamba namba ni za kweli na unatunza rekodi miaka mitatu kama wakija kukagua, kopo la biskuti halina risiti.

Mwenye ng'ombe awamu hiyo hiyo alipewa dola 55 kwa kila mmoja, 1,000 zizini ni 55,000. Jumla yake kwa awamu mbili 302,000. Wenye mazao ya eka kubwa kubwa ambayo bei haikushuka vya kutosha walipewa dola 15 kwa eka. Ukiangalia awamu zote mbili mpaka zilipofungwa kabisa zilitoa karibu dola bilioni 31, na sehemu kubwa ilikwenda kwa njia ya kuzidisha kichwa, busheli au eka.

Machi 2021 serikali imebadilika, Tom Vilsack waziri mpya akasema kwamba katika karibu dola bilioni 26 za msaada huo, wakulima weusi walipata milioni 20.8. Hiyo ni chini ya asilimia 0.1, wakati wao ni zaidi ya asilimia 1 ya wakulima wa nchi. Wengi waliisoma namba hiyo kama ubaguzi wa afisa mezani. Historia ya wizara hiyo na wakulima weusi ni mbaya na ilishafika mahakamani, kesi ya Pigford ilimalizwa kwa makubaliano 1999, kwa hiyo simshangai anayesoma hivyo. Ila mimi naona hapa historia imefanya kazi kwa njia ya mkato zaidi: ukishamnyima mtu mkopo wa ardhi miaka 60, shamba lake linabaki dogo na faili lake halipo ofisini, halafu 2020 unaleta kanuni ya kuzidisha ukubwa na unaanza na wenye mafaili, huhitaji tena mtu wa kubagua, kikokotoo kinamaliza. Mwezi huo huo wizara ikasema itafungua tena maombi ya awamu ya pili, Aprili 5 yakafunguliwa, na yakabaki wazi mpaka Oktoba 12, 2021, na safari hii na hela kidogo za mashirika ya kuwafikia ambao hawajawahi kufika ofisini.

Na kumbe kulikuwa na mlango mwingine kabisa ambao wakulima wengi wadogo waliusikia mwishoni, ule mkopo wa PPP wa biashara ndogo, unaosamehewa. Mwanzoni mkulima asiye na wafanyakazi alihesabiwa kwa faida yake halisi kwenye fomu ya kodi ya Schedule F, na kwa kuwa mashamba madogo mengi kwenye karatasi ya kodi yanaonyesha hasara, mkopo ulikuwa sifuri. Sheria ya Desemba 27, 2020 ikabadilisha neno moja, wakatumia mapato ghafi badala ya faida. Unagawa kwa 12 unazidisha kwa 2.5. Mama, kama alijaza Schedule F yake ya 2019 na dola 20,000, hapo pilipili za chupa na zenyewe zimo, anapata dola 4,166, zaidi kidogo ya mara mbili ya alichopewa na wizara ya kilimo. Zilipitia benki, zilisimamiwa na wakala wa biashara ndogo, na kwenye ile fomu hakuna popote alipoulizwa Februari alivuna paundi ngapi.